Bluberi zangu zinatoa majani ya njano ila mishipa ni kijani, shida nini? (Arumeru)

Baba_Neema_Usa

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa yeyote mwenye uzoefu na bluberi za nyumbani, sio shamba kubwa, mashina machache tu ya kula na familia.

Niko Arumeru, huku kati ya Usa River na Maji ya Chai. Nyuma ya nyumba nina kieneo kizuri, kuna migomba, parachichi, mapasheni, mchicha ndo usiseme, huu udongo wetu wa volkano ukidondosha kitu kinaota. Sasa mwaka jana kabla ya masika nikapata miche sita ya bluberi kwenye kitalu kimoja, muuzaji akasema ni zile zinazovumilia joto ila jina la aina hakulijua. Nikachimba mashimo kama ya parachichi, nikaweka samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nikapanda. Mwanzoni zilishika vizuri tu zikatoa na machipukizi, halafu kiangazi kilipoingia mambo yakabadilika. Majani ya juu, yale machanga kabisa, yanatoka njano ya limau lakini mishipa inabaki kijani, yaani ukilishika jani ukaliweka kwenye mwanga unaona kama wavu wa kijani umetandikwa juu ya karatasi ya njano. Majani ya chini yale ya zamani yana unafuu. Miche miwili kingo za majani zimeanza kuungua na haikui tena, imedumaa vilevile tangu Septemba.

Duka la pembejeo wakaniambia hiyo ni naitrojeni imepungua wakanipa mbolea ya CAN, nikaweka kijiko kimoja kimoja kila shina, ndo kwanza njano ikaongezeka. Maji nayotumia ni ya kisima kirefu cha hapa mtaani, namwagilia jioni kila baada ya siku mbili tatu.

Sasa hivi je, ni ugonjwa? Ni joto? Jirani yangu anasema hili tunda ni la Wazungu linataka theluji nisijisumbue, mwingine ananiambia nimwagie machicha ya kahawa. Kama haiwezekani huku kwetu niambieni ukweli, lakini kusema kweli nazipenda sana na ningetamani kuziona zimebeba.

Jembe_la_Babu

Pole sana mkuu. Hapo mmea una njaa tu, samadi ya ng'ombe haina nguvu. Tafuta samadi ya kuku uchanganye na majivu ya kuni, zungushia kila shina, baada ya wiki chache utaona kijani. Parachichi zangu zilikuwa hivyo hivyo zikapona kabisa.

Mpaini_Mafinga

Mkuu Baba Neema, kabla hujafanya lolote naomba usiweke hayo majivu. Namheshimu sana ndugu yangu Jembe la Babu na kwa parachichi, mahindi, migomba ushauri wake uko sahihi, lakini bluberi haifuati sheria za mazao hayo na majivu yatakumalizia hiyo miche kabisa.

Hapo huna ugonjwa, na wala sio joto. Dalili uliyoieleza, jani changa njano na mishipa kijani, ni mmea umekosa madini ya chuma. Naitrojeni ikipungua huwa yanaanza majani ya zamani ya chini na yanageuka njano jani zima pamoja na mishipa yake, wewe umesema ya chini yana unafuu, kwahiyo sio hiyo. Sasa usikimbilie kudhani udongo wako hauna chuma. Chuma kipo tena tele, udongo mwingi wa kwetu una chuma cha kutosha, tatizo ni kwamba pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi, iko juu na pH ikiwa juu chuma kinajifunga kwenye udongo, mzizi wa bluberi hauwezi kukichukua. Bluberi inataka udongo wenye asidi, pH 4.5 mpaka 5.5. Mahindi na mboga nyingi zinapenda 6 mpaka 7. Na hizi namba zisikudanganye ukaona 4.5 na 6.5 zimekaribiana, kila namba moja ukishuka asidi inazidi mara 10, kwahiyo tofauti ya namba mbili ni mara 100.

Sasa angalia ulichokipa huo mmea. Udongo wa volkano wa huko chini ya Meru mara nyingi unaelekea kwenye saba. Maji ya visima vya Arumeru yanajulikana, yana floridi nyingi na yana magadi, yaani bikaboneti, kila ukimwagilia unarudisha pH juu hata kama udongo ungekuwa mzuri. Halafu CAN, ile C ni kalsiamu, ni kama umeweka chokaa kidogo, na nusu ya naitrojeni yake iko kwenye naitreti wakati bluberi inapenda naitrojeni ya amonia. Samadi pia ina chumvi. Mizizi ya bluberi ni myembamba kama uzi, inakaa juu juu, sentimita 30 za mwanzo basi, na haina vile vinyweleo ambavyo mimea mingine inavyo vya kunyonyea chakula, porini kwao inasaidiwa na fangasi wa kwenye mizizi. Kwahiyo chumvi kidogo tu kingo za majani zinaungua, ndo hiyo miche yako miwili.

Cha kufanya. Kwanza pima, usibahatishe. Vile vipima vya sindano vya bei ya chini sivipendi, unachoma hapa kinasoma sita unachoma pembeni kinasoma nane. Nunua karatasi za kupimia pH, chukua udongo wa kwenye mizizi, changanya na maji ya mvua kiasi sawa kwa sawa, koroga, acha nusu saa utulie, chovya karatasi kwenye maji ya juu. Pima na maji ya kisima peke yake. Ukitaka jibu la uhakika zaidi peleka udongo maabara, chuo cha kilimo SUA pale Morogoro wanapima, TARI Mlingano kule Tanga ndo kituo cha udongo hasa.

Pili acha CAN, acha samadi, acha majivu na chokaa. Tatu anza kukinga maji ya mvua kwenye bati, hili kwako ni la muhimu kuliko mbolea yoyote. Halafu leta majibu ya vipimo hapa tuone kama tunarekebisha ardhi au tunahamia kwenye vyombo.

Kuhusu baridi jirani yako ana haki nusu. Kuna aina za kaskazini kama Bluecrop na Duke zinataka masaa 800 mpaka 1,000 ya baridi ya chini ya nyuzi 7, hizo huku hazitazaa. Lakini kuna zile aina za kusini zilizozalishwa Florida na majimbo ya jirani kwa ajili ya sehemu zisizo na baridi kali, Biloxi, Misty, Emerald, Jewel, Sharpblue. Peru ndo inauza bluberi nje kuliko karibu nchi zote na mashamba yao mengi yako pwani kule jangwani hakuna theluji, na Biloxi ndo moja ya aina walizoanza nazo. Kwahiyo theluji sio lazima, cha lazima ni aina sahihi na asidi.

MamaTigoni

Habari zenu majirani wa Tanzania. Mimi niko Kenya, Limuru upande wa Tigoni, hapa tumezungukwa na majani chai, na ningependa kuongezea hapo kwa Mpaini kwa sababu amesema ukweli mtupu.

Chai na bluberi zinapenda udongo mmoja. Mahali chai imekubali, bluberi itakubali. Huku kwangu nilizipanda moja kwa moja kwa shamba, sikuongeza salfa wala nini, nilichanganya tu udongo na majani ya paini yaliyooza na kufunika juu, na ziko sawa. Kwa hivyo watu wa Njombe, Mufindi, Lushoto, Rungwe, Kericho, Nandi Hills, nyinyi mko na bahati, ardhi yenu tayari ina asidi. Lakini dadangu anakaa Kitengela na udongo wake ni ule mweusi wa kushika, na maji ni ya borehole yenye chumvi, nikampatia miche ya aina ileile, ya kwake ikawa njano vile Baba Neema anaeleza. Tukaitoa tukaiweka kwa ndoo kubwa na mchanganyiko mpya, ikarudi kijani polepole. Kwa hivyo Baba Neema usikate tamaa, mmea huu ukirudishiwa asidi yake unarudi.

Shida yangu kubwa hapa si udongo, ni ndege. Kuzumburu, wale wa mkia mrefu wanaotembea kwa vikundi, wakijua kuna beri zimeiva wanafika kabla jua litoke na wanaacha vijiti. Tunaweka neti, lakini neti isiguse mmea, weka miti minne na waya juu ndio neti ikae mbali na matawi, la sivyo wanakaa juu ya neti na kudonoa wakiwa nje. Na usifunge hiyo neti wakati wa maua kwa sababu nyuki lazima waingie.

Pia mvua ya mawe, huku Limuru ikinyesha inaangusha maua yote. Sijui kama Arumeru iko.

Na kwa wale wanauliza kama Afrika Mashariki inawezekana kweli, Kakuzi pale Makuyu, Murang'a wanalima bluberi za kuuza nje, na Makuyu si mahali pa baridi hata kidogo ukilinganisha na hapa kwetu.

Baba_Neema_Usa

Asanteni sana sana, mama Tigoni na Mpaini Mungu awabariki, nilikuwa nimebakiza kidogo niende kutafuta hayo majivu. Jembe la Babu nawe asante kwa nia njema ndugu.

Nimepata karatasi kwenye duka la vifaa vya maabara mjini Arusha. Maji ya kisima yanasoma 8 kabisa, rangi haina hata ubishi. Udongo kwenye mizizi ni 7, shina moja lililo karibu na jiko la nje ambako huwa tunamwaga majivu imefika kati ya 7 na 8 na ndo hilo lililoharibika kuliko yote. Maji ya mvua niliyokinga juzi yanasoma kati ya 5 na 6.

Sasa nahamia kwenye vyombo au nirekebishe hapo hapo ardhini? Kuna mtu kaniambia salfa ile ya mikorosho inashusha pH. Na nikiing'oa miche sasa hivi haitakufa? Na ile ya machicha ya kahawa hamjanijibu, mimi hapa kahawa imenizunguka kila kona ningefurahi sana kama inafaa.

Mpaini_Mafinga

Kwa namba hizo Baba Neema mimi nakushauri vyombo, bila kusita. Kushusha udongo kutoka 7 mpaka 5 inawezekana kwa salfa lakini ni kazi ya muda mrefu, na wakati unashusha kwa juu ardhi ya pembeni inaendelea kupandisha, na wewe maji yako ndo hayo.

Salfa uliyoambiwa ndiyo hiyo hiyo, ile ya unga ya njano wanayopulizia mikorosho kule Mtwara na Lindi kuzuia ubwiri unga. Kwenye udongo inaliwa na bakteria wanaigeuza kuwa asidi, na hao bakteria wanataka unyevu na muda, hesabu miezi, sio wiki. Kwa mtu mwenye udongo wa pH 6 hivi tifutifu, karibu gramu 170 kwa mita moja ya mraba inaweza kukufikisha 4.5, udongo wa kichanga theluthi tu ya hapo, mfinyanzi zaidi. Usiweke yote mara moja, gawa mara mbili au tatu, changanya na udongo, subiri miezi mitatu minne upime tena. Hiyo nawaandikia wengine wanaosoma ambao udongo wao hauko mbali sana, kwako wewe bado nasema vyombo.

Chombo kiwe kipana zaidi kuliko kuwa kirefu maana mizizi inakwenda pembeni. Lita 40 mpaka 60 kwa shina lililokomaa, pipa la plastiki la bluu lililokatwa katikati linafaa sana, hakikisha limesafishwa na halikubeba kemikali. Toboa matundu mengi chini, bluberi inapenda unyevu lakini maji yakituama mizizi inaoza. Usitumie chombo cha saruji, saruji ina chokaa inayeyuka taratibu kwenye udongo wako.

Mchanganyiko: gome la paini lililovunjwa vunjwa na kuachwa lioze ndo la kwanza, kama nusu ya chombo. Huku Mafinga tuna shamba la miti la Sao Hill magome ni takataka tu, huko kwako ulizia viwanda vya mbao vinavyopasua paini, ya West Kilimanjaro na ya Meru ipo. Robo weka pitimosi, yale mabaki ya mimea ya kinamasi yenye asidi, ukiipata, ni ghali na inaagizwa, usipoipata weka kokopiti ile ya makumbi ya nazi ila iloweke na kuisuuza maji ya mvua mara kadhaa itoe chumvi, na ujue kokopiti haina asidi kali kama pitimosi. Robo iliyobaki mchanga wa mto uliooshwa au udongo wa msituni chini ya mipaini. Chukua kiasi kidogo cha salfa, kijiko cha chakula kwa chombo kizima, changanya. Huo udongo wako wa Arumeru usiuingize humo hata kidogo.

Juu tandaza majani ya paini au maranda unene wa sentimita 7 mpaka 10, yasiguse shina. Maranda mabichi yanakula naitrojeni wakati yanaoza, ukiona majani yote yanapauka ongeza mbolea kidogo.

Kung'oa sasa hivi hakuna tabu, mizizi iko juu juu, chimba kwa upana uchukue bonge zima, fanya jioni au siku ya mawingu. Kung'uta udongo wa zamani taratibu, suuza kwa maji ya mvua, panda kwa kina kilekile ilichokuwa, weka kivulini wiki mbili hivi ndo uirudishe kwenye jua. Ile iliyodumaa ipunguze matawi.

Mbolea yao ni SA, yaani salfeti ya amonia, na iwe kidogo sana, kijiko cha chai kimoja kwa shina changa, izungushie mbali na shina, rudia baada ya wiki sita hivi wakati inakua. SA inalisha na inasaidia kubaki na asidi. Wakati unasubiri mizizi ikae sawa unaweza kupulizia busta yenye chuma kwenye majani, itarudisha kijani upesi ila hiyo ni huduma ya kwanza tu, chanzo ni pH.

Kahawa: machicha yaliyokwisha chemshwa asidi yake nyingi imebaki kwenye kikombe, yanakaribia 6.5 hivi. Sio sumu, tia kidogo kwenye matandazo au kwenye mboji, lakini usiyategemee kushusha pH, hayatashusha.

Kiangazi mvua ikikatika na pipa likaisha, maji ya kisima unaweza kuyatibu. Chukua ndoo ya lita 20, weka vinega nyeupe kidogo kidogo huku unakoroga na kupima mpaka isome 5 hadi 5.5, hapo mwagilia. Asidi ya limao ile ya unga inafanya kazi hiyohiyo. Kila kisima kina kiwango chake ndo maana sikupi vijiko, karatasi ndo itakuambia. Ila hiyo haiondoi chumvi iliyomo, kwahiyo mvua ya kwanza ikija acha inyeshee vyombo vizuri isuuze.

Kivu_GrandRapids

Jambo ndugu zangu. Mimi ni wa Bukavu lakini niko Marekani, Grand Rapids, jimbo la Michigan, huku tuko wengi wenye kusema Kiswahili. Nimesoma hii mazungumzo yote nimefurahi sana kwa sababu hii jimbo ni moja ya majimbo ya bluberi hapa Marekani, upande wa ziwa Michigan udongo ni mchanga wenye asidi, mashamba ni mengi na mwezi wa saba na wa nane familia zinaenda kujichumia zenyewe shambani na kupimiwa kwa mizani.

Nataka niwaeleze kitu kimoja ambacho kitampa nguvu Baba Neema. Hata Wamarekani wenyewe walishindwa kwa miaka mingi. Bluberi ilikuwa ya porini tu, Wenyeji wa Amerika wakiichuma na kuikausha, na watu waliojaribu kuipanda bustanini waliipeleka kwenye udongo wao mzuri kabisa wenye samadi na chokaa, ikafa. Mpaka bwana mmoja wa wizara ya kilimo anaitwa Frederick Coville alifanya utafiti na mwaka 1910 akaandika kwamba huu mmea unataka asidi, udongo ule ambao mkulima anauona mbaya ndio mzuri kwake. Kisha mama mmoja wa New Jersey, Elizabeth White, familia yake ilikuwa inalima kranberi, akaungana naye, akawa anawalipa watu wa msituni wamletee vichaka vyenye beri kubwa, na mwaka 1916 wakauza mavuno yao ya kwanza. Kwa hiyo ardhi nzuri ya volkano kuikataa bluberi ni jambo la zamani, si kosa la mtu.

Mimi hapa nyumbani nina Bluecrop na Duke. Bluecrop inakaa chini ya theluji miezi na mwezi wa tano inachanua vizuri kabisa. Nawaomba tu ndugu zangu msidanganyike na watu wenye kuuza mbegu au miche ya Bluecrop kwa intaneti wakisema inazaa popote. Kwenu itatoa majani miaka na miaka bila ua. Na ninyi mnaotuomba tuwaletee miche kwenye begi tukija likizo, hapana, hiyo inakatazwa, magonjwa ya mimea yanasafiri hivyo. Tanzania muulize TPHPA, Kenya ni KEPHIS, wao ndio wanatoa kibali na wanajua nani anaingiza miche kihalali.

Na upande wetu wa Kivu kuna chai milimani, udongo ni huo huo aliosema mama Tigoni. Ninaomba siku moja kuona bluberi Bukavu, ninasema hivyo kwa moyo wote.

Zuhura_Goba

Jamani mimi niko Dar, Goba. Naweza kwenye ndoo? Nina kivuli cha mchana na maji ya mvua nakinga.

Mpaini_Mafinga

Dada Zuhura nikuambie ukweli, mmea utauweka hai ukiwa na Biloxi na ukaufunika jua la mchana, ila Dar joto haliondoki usiku na mwaka mzima, joto likizidi nyuzi 30 kwa muda mrefu bluberi inajifunga, maua yanashika kidogo na beri zinakuwa ndogo laini. Kama ni kujifunza jaribu shina moja. Kama unataka matunda ya kula, hela hiyo iweke kwenye kitu cha pwani, mapasheni, mstafeli, utafurahi mapema zaidi. Ndugu zako wakiwa Lushoto wapelekee huko miche yako ikae kwao.

Zuhura_Goba

Asante kaka kwa kunieleza wazi. Bibi yangu yuko Soni, hukohuko Lushoto, nitampelekea yeye.

Baba_Neema_Usa

Wakuu nimerudi. Mapipa nimeyapata, gome la paini nimelipata kwa mpasua mbao mmoja, nililiacha kwanza lioze na mvua. Miche mitano nimehamisha, ile ya karibu na jiko ilikuwa imekufa mizizi yote kahawia. Machipukizi mapya kwenye mitatu yanatoka kijani, kijani kabisa mpaka katikati ya jani! Nimemwita mke wangu aje aone.

Sasa mmoja kati ya hiyo mitatu umetoa na maua, kama vikengele vidogo vyeupe vimeangalia chini. Niache yazae? Na nyuki wangu ni wale wadogo tu, watafaa? Aina zote ni moja nadhani, sijui kama inahitaji dume na jike.

MamaTigoni

Baba Neema nimefurahi kama ni za kwangu!

Hayo maua yatoe yote. Najua inauma lakini mmea umetoka kuumwa, mizizi bado midogo, ukiuacha uzae sasa utakula beri chache na mwaka ujao hautakua. Finya kila kichala na kidole, acha majani. Mwaka unaofuata unaweza kuacha kiasi, na mwaka wa tatu ndio uanze kutarajia mavuno ya maana, baada ya hapo inaongezeka mpaka shina kubwa linaweza kukupa kilo 2 na zaidi. Ni mti wa kukaa miaka mingi sana, usiharakishe.

Dume na jike haina, kila ua lina vyote viwili na aina moja inaweza kujizalisha, lakini ukipata aina ya pili ipande karibu, beri zinakuwa kubwa zaidi na hazikomai zote wakati mmoja. Nyuki wa kawaida wanasaidia. Wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa wanaweza kusaidia pia kwa sababu chavua ya bluberi imefungiwa ndani ya vijitundu na wao wakishika ua wanatetemesha mpaka inamwagika, kwa hivyo usiwafukuze, hata kama wakati mwingine wanatoboa ua kwa pembeni wachukue asali tu.

Ukianza kuvuna usichume kwa sababu imegeuka bluu. Geuza beri uangalie pale iliposhikana na kikonyo, ikiwa bado kuna duara jekundu iache, ngoja siku kadhaa baada ya bluu kuenea pote, utamu unaingia hizo siku za mwisho na ukishaichuma haiongezi utamu tena. Ile iliyoiva ukiigusa na kidole gumba inaanguka yenyewe kwa mkono. Na usiipanguse ule unga mweupe wa juu, ndio unaifanya ikae kwa friji muda mrefu. Osha tu wakati wa kula.

Baba_Neema_Usa

Nimeyafinya yote mama. Neti naweka lini, sasa au nisubiri?

MamaTigoni

Subiri. Miti na waya weka mapema ukipata nafasi, neti yenyewe uitandaze siku utaona beri ya kwanza inaanza kubadilika kutoka kijani kwenda pinki, usingoje bluu.

Mpaini_Mafinga

Na upime pH ya chombo kila baada ya miezi mitatu hivi, andika kwenye daftari. Ikipanda juu ya 5.5 angalia kwanza maji unayomwagilia kabla hujaongeza salfa.